Mifupa Saba



Kwa zaidi ya miaka 20 tumewasomesha watoto wa Likoni kuwa mwenye kusujudu husujudu kwa mifupa saba, kama alivyopokea Ibn Abbas: paji la uso pamoja na pua, vitanga viwili vya mikono, magoti mawili, na ncha za vidole vya miguu yote miwili. Watoto waliihesabu, nasi tukaridhika. Lakini sisi wenyewe hatukuijua mpaka goti letu la kulia lilipotukataa.

Lilianza kwenye mteremko wa kushukia feri. Kupanda hatukuona neno. Kushuka ndiko kulikochoma. Kisha maumivu yakatufuata msikitini. Kiti tulikiogopa. Watu watasemaje wakimwona mwalimu ameketi? Tukawa twaharakisha sijda ili tuumie kidogo.

Mke wetu alitutazama siku moja baada ya adhuhuri, akasema: "Mwalimu, goti ni maradhi, si aibu. Kwani Imran bin Huswayn si wewe uliyetusomesha?"

Tulinyamaza. Imran alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, naye akamwamuru aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kuketi, asipoweza kwa ubavu.

Jioni ile tuliswali sunna polepole, tukiusikiliza mwili. Katika rukuu tuligundua kuwa mwili hukunjika nyongani, ndipo mgongo hunyooka. Katika kushuka tuligundua kuwa siku zote tumekuwa tukiutupa uzito wetu juu ya goti moja. Utulivu, ambao kwetu Mashafii swala haisihi bila yake, ndio kila mfupa kurudi mahali pake. Tulikuwa tukiufunza kwa ulimi tu.

Leo twasimama panapowezekana, na sijda ikitushinda twaketi kitini. Daktari naye ametupa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, inayolishika goti.

Bibi Aisha amepokea kuwa mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na katika hadithi nyingine kila kiungo kina sadaka yake. Mama unayeinamia mbuzi ya nazi na ndoo za maji huku ukificha kiuno kinachouma, usikifiche. Kiungo ni amana, na amana huulizwa.

Allah atupe afya ya viungo na utulivu wa swala. Amin.