Kamba, Mita 15

Simu ilikuwa inakatikakatika, na mjomba ana desturi ya kuishika mbali na sikio. "Shikamoo mjomba," nikapaza sauti. "Huku Kanada mtumbwi hauondoki ufukweni bila kamba, mita kumi na tano!" Akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Kamba wa mita kumi na tano? Mpwa wangu, huyo ni nyangumi."

Kwetu delta ya Rufiji, kamba ni wa kuliwa kwanza. Ya kufungia mizigo inafuata. Nimekulia upande wa Nyamisati, pale wanapopandia boti za kwenda Mafia, ndani ya mikoko inayozidi hekta 50,000. Mtumbwi wa mwembe ndio uliotupeleka shule, shamba na msibani. Kwa hiyo wenzangu wa kazini waliponialika mwezi wa Agosti kwenda siku nne za mtumbwi na kambi katika hifadhi ya Algonquin, saa tatu hivi kwa gari kutoka Toronto, nilikwenda kama mwalimu.

Algonquin ilianzishwa mwaka 1893. Ina takriban kilomita za mraba 7,600 na maziwa zaidi ya 2,000, na barabara kuu moja tu, namba 60, inayokata pembe yake ya kusini. Kwingine kote ni kafi na miguu. Nafasi huwekwa miezi mitano kabla: unalipia ziwa utakalolala, na ukifika unachagua eneo lolote lililo wazi lenye kibao cha rangi ya chungwa. Mwisho watu tisa kwa eneo. Nilipoelezwa haya nilicheka moyoni. Kuchukua mtumbwi, sufuria na chandarua ukalale ufukwe wa mbali, kwetu kunaitwa kwenda dago, na sijawahi kusikia mvuvi aliyelipia dago miezi mitano kabla.

Kicheko kiliniisha asubuhi ya kwanza. Tulianzia Canoe Lake, tukapiga kafi mpaka mwisho wa ziwa, na pale maji yakaisha. Mbele kulikuwa na kibao cha njano: mita 295 mpaka Joe Lake. Mwenzangu akashuka, akaubinua mtumbwi, akaukalisha mabegani kwa ubao wenye umbo la nira, akaondoka nao msituni. Mtu mmoja! Mtumbwi wa Kevlar una kilo 20 hivi. Ule wa mjomba, wanaume sita wanauhamisha kwa kuusukuma juu ya magogo, na wakimaliza wanadai chai.

Zamu yangu ilipofika nilitembea kama kobe aliyesimama kwa miguu ya nyuma, nikiona visigino vyangu tu, mbu wakijikusanya ndani ya mtumbwi kama wamealikwa. Ndipo nikaelewa kitu ambacho picha hazikuwahi kunionyesha. Nchi ile imekatwakatwa: ziwa, kipande cha msitu, ziwa, kipande cha msitu. Asiyeweza kubeba chombo chake hafiki popote. Waalgonquin, wenye ardhi ile ambayo hawakuwahi kuitoa kwa mkataba wowote na ambayo madai yake bado yanajadiliwa na serikali, walilijibu swali hilo zamani kwa gome la mti wa birch. Gome lilishonwa kwa mizizi, likashikiliwa na mbavu za mwerezi, na mishono ikazibwa kwa utomvu uliochanganywa na mafuta. Mimi niliyekua nikivuta moshi wa kalafati puani niliipenda sana habari ya utomvu. Wachukuzi wa biashara ya manyoya walipita njia kama hizo za nchi kavu na robota mbili mgongoni, kila moja kilo 40 hivi. Mpagazi wa Bagamoyo, kwa frasila zake mbili, angewaonea huruma.

Kwetu maji hayakatiki. Yanapwa na kujaa, basi. Uzito wa mwembe ndio unaokuwezesha kusimama na kuvuta wavu kusi ikivuma. Na hapo ndipo nilipoumbuka. Siku ya pili, kwenye maji mafupi yenye magugu, mwili wangu ulisahau uko bara gani. Nikasimama kutafuta upondo. Mtumbwi wa kilo 20 haumvumilii mtu anayesimama. Nilikuwa majini kabla sijamaliza bismillahi, na mwenzangu pamoja nami. Hakuna aliyenigombeza. Ila tangu hapo nikakalishwa mbele, kwenye omo, wanakokalishwa wageni.

Baadaye walinifundisha namna ya kumalizia kafi kwa kuigeuza nje kidogo, mchoro kama herufi J, ili omo isikimbilie upande. Kila mtoto wa delta anafanya hivyo akiwa na miaka saba. Sikusema kitu, nikajifunza.

Kambini mambo mengi yalikuwa yamegeuzwa juu chini. Dago tunazungukwa na maji yasiyonyweka, tunabeba madumu ya lita 20 kutoka kijijini na kuyapimia kwa kikombe. Algonquin unachota ziwani, unachuja, unakunywa. Dago chakula kinatoka majini. Huku chakula chote kilitoka nyumbani kwenye pipa la plastiki la buluu, na usiku tulikipandisha kwenye tawi, mita nne juu ya ardhi, kwa sababu ya dubu weusi. Makopo na chupa ni marufuku huko ndani, kwa hiyo kopo langu la tui la nazi lilibaki kwenye gari, na wali wangu nilioutukuza njia nzima ukaliwa mkavu. Usiku wa kwanza niliamka mara mbili kutazama kama maji yamejaa. Ziwa halina bamvua wala maji mafu. Lilikuwa palepale, na ndege aitwaye luni, yule wa kwenye sarafu ya dola moja, akilia kama mtu aliyepotelewa.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu mwingine. Watu hulipia hasa hilo. Dago kuna vibanda kumi vya fito na makuti, kuna redio, kuna mzee anayedai chumvi, kuna ugomvi wa nyavu. Ukichelewa kurudi, mtu anauliza fulani yuko wapi. Huku sheria inataka kila mtumbwi uwe na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, filimbi, chombo cha kukumbia maji na kamba inayoelea isiyopungua mita 15. Nilivitazama vitu vile pale kwenye mwamba nikaona vyote vinashika nafasi ya jirani: filimbi ni ya kumwita, kamba ni mkono wake.

Nilitaka kuishia hapo nikiwasifu watu wa kwetu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mbili dhoruba ilipompindua jirani yetu usiku, karibu kabisa na vibanda. Watu wote wa dago walitoka, wakapiga kelele, wakawasha kurunzi. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kumrushia. Tulimwona siku ya tatu.

Mwezi wa Novemba nilipata msafiri, nikampa majaketi mawili, filimbi na ile kamba ampelekee mjomba. Juzi nikampigia. Jaketi moja ni mto wake wa kulalia, hakuficha. La pili amevalishwa mjukuu, wa miaka sita, kwa amri ya nyanya yake, na halivuliwi hata nchi kavu. Filimbi wameichukua watoto wa madrasa.

"Na kamba?" nikauliza.

"Yupi?"

"Ile, mjomba. Ya mita 15."

"Ah, hiyo. Iko shetri, nimeikunja. Wa kule kibanda cha pili amekuja kuiazima mara mbili, nimemkatalia. Nimemwambia aje dago akae karibu na mimi."