Nani Mkimbiaji Bora wa Burundi? Orodha Yangu na Sababu Zake

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Bujumbura, upande wa Buyenzi na Bwiza. Wengi wao ni watoto wa wakimbizi waliotoka Uvira, Baraka na Fizi. Wengine ni Warundi wenyeji, na wachache ni Warundi waliorudi kutoka kambi za Tanzania. Jumamosi asubuhi tunakimbia kabla jua halijawa kali. Tukimaliza tunakaa chini ya mwembe, tunakunywa maji, tunabishana. Ubishi unaotumalizia muda kuliko wote ni huu: tangu Burundi ianze kukimbia, nani ni namba moja?

Siku moja mgeni wa shirika fulani alitukuta katikati ya kelele hizo. Alisikiliza kidogo, halafu akaniuliza kwa upole, "Sasa hii inawasaidia nini?" Swali lilikuwa la haki. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu gari lilikuwa linamngoja. Leo namjibu kwa kirefu, na wewe pia, msomaji uliye Kavumu, Gasorwe, Musasa, Bwagiriza au Nyankanda.

Kwanza, kwa nini Warundi? Kijana mmoja wetu aliuliza hivyo hivyo: "Yaya, sisi ni Wakongomani. Mambo ya Warundi yanatuhusu nini?" Nilimwambia, barabara unayokimbilia ni ya nani? Hewa ya huu mlima ni ya nani? Ukikaa kwa jirani miaka kumi utajua hata jina la mbwa wake, seuze mabingwa wake. Na wakwetu tunao, nitafika kwao.

Pili, tunapima kwa nini? Zamani kila mtu alikuwa anapiga kelele tu, mwenye sauti kubwa anashinda. Basi tukakubaliana vipimo vitatu, tukaviandika kwenye kipande cha katoni. Kimoja, alishinda nini, na alimshinda nani. Cha pili, alikimbia kwa muda gani, tukikumbuka kwamba viatu vya leo si vya zamani. Cha tatu ndicho kinacholeta ugomvi: alikimbia akiwa amebeba mzigo gani. Wengine wanasema mzigo hauhesabiwi, saa haijui shida zako. Mimi nasema kwa sisi wakimbizi, kipimo hicho tukikitoa tutakuwa tumejitoa wenyewe.

Hii ndiyo orodha yangu, kutoka chini kwenda juu.

Wa tano ni Gilbert Tuhabonye. Hana medali ya Olimpiki. Oktoba 1993, shule ya Kibimba ilipochomwa moto, yeye alikuwa mwanafunzi aliyekuwa ndani, akatoka hai na majeraha ya moto mwilini. Watu walidhani miguu ile imekwisha. Akaenda Marekani, akakimbia tena, akashinda mbio za vyuo, na leo anafundisha wakimbiaji huko Austin, Texas. Pia alianzisha taasisi inayopeleka maji safi vijijini Burundi. Kwa medali angekuwa nje ya orodha. Kwa kipimo cha tatu hakuna wa kumtoa.

Wa nne nimewaweka wawili, mnisamehe. Aloÿs Nizigama alikuwa wa nne katika mita 10,000 Atlanta 1996, katika mbio ambazo Haile Gebrselassie alimshinda Paul Tergat. Nafasi ya nne Olimpiki ni nafasi chungu: umewaacha karibu wote duniani na unarudi nyumbani shingo tupu. Mwenzake ni Antoine Gakeme, aliyepata fedha ya mita 800 katika mashindano ya dunia ya ndani ya ukumbi, Portland, mwaka 2016.

Wa tatu ni Dieudonné Kwizera, na hapa ndipo vijana hunicheka. "Yaya, ule hakufika hata fainali!" Kweli, hakufika. Lakini sikilizeni. Kwizera alikuwa mkimbiaji mkali wa mita 800 na 1,500. Olimpiki ya Seoul 1988 ikapita bila yeye. Ya Barcelona 1992 ikapita bila yeye. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa mzembe. Nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa, basi hakukuwa na mlango wa kupitia. Miguu anayo, karatasi hana. Nani kati yetu anahitaji kufafanuliwa hali hiyo? Wewe uliyekosa mtihani kwa sababu kadi yako ya ukimbizi haijatoka, unamjua Kwizera hata kama hukuwahi kusikia jina lake.

Hadithi yake inaingia moja kwa moja kwa wa pili, Vénuste Niyongabo.

Vénuste alizaliwa Vugizo, kusini mwa nchi, mwaka 1973. Mwaka 1995 alipata shaba ya mita 1,500 katika mashindano ya dunia huko Gothenburg, nyuma ya Morceli na El Guerrouj. Ukijua mbio, unajua kuwa nyuma ya hao wawili si aibu. Mwaka uliofuata Burundi ikaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na mita 1,500 ilikuwa mbio yake. Kwizera alikuwa kwenye msafara kama mwalimu. Vénuste akamwachia nafasi yake ya mita 1,500 ili mwenzake naye akimbie Olimpiki walau mara moja katika maisha yake, yeye akaenda mita 5,000, mbio ambayo alikuwa bado mgeni kwayo.

Sasa tazama tarehe. Tarehe 25 Julai 1996 jeshi lilipindua serikali hapa Bujumbura. Nchi ilikuwa vitani, majirani wakaifungia mipaka ya biashara. Tarehe 3 Agosti, siku tisa baada ya mapinduzi, Vénuste alisimama kwenye mstari wa Atlanta. Mzunguko wa mwisho akachomoka. Mkenya Paul Bitok akamfukuza, akashindwa kumfikia. Dakika 13, sekunde 7.96, dhidi ya 13:08.16 ya Bitok. Pengo la sekunde 0.20 tu! Mpaka leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ya Burundi. Mzee mmoja wa Buyenzi aliniambia kwamba siku ile watu ambao usiku walikuwa wanaogopana, mchana walisikiliza redio moja. Sikuwepo, sikuwa nimezaliwa. Lakini mzee yule si mtu wa kutia chumvi.

Kwa hiyo kwa nini Vénuste si wa kwanza? Vijana wengi wanamweka wa kwanza, na sina ugomvi nao. Mimi wa kwanza ni Francine Niyonsaba.

Francine alizaliwa Mei 1993 huko Bweru, mkoa wa Ruyigi. Ndugu zangu wa Bwagiriza na Nyankanda, hiyo ni milima mnayoiona kila asubuhi. Miezi mitano baada ya kuzaliwa kwake vita vikaanza. Akiwa na miaka 19 alikuwa fainali ya Olimpiki London. Mwaka 2016 akawa bingwa wa dunia wa mita 800 ukumbini, Portland, na mwaka huo huo akapata fedha Rio kwa 1:56.49, nyuma ya Caster Semenya. Fedha nyingine London 2017, katika mashindano ya dunia. Dhahabu tena ukumbini, Birmingham 2018. Angeishia hapo, ningemweka wa pili.

Hakuishia hapo kwa sababu hakuachwa aishie. Shirikisho la riadha la dunia lilitoa sheria iliyoanza kazi Mei 2019: wanawake ambao miili yao kwa asili ina homoni ya testosteroni nyingi wasikimbie kuanzia mita 400 mpaka maili moja, isipokuwa watumie dawa za kuipunguza. Francine akasema waziwazi kwamba sheria ile inamgusa yeye. Mwanamke wa Ruyigi akalazimika kueleza dunia nzima habari za mwili wake, kitu ambacho mama zetu hawakisemi hata kwa dada zao.

Alifanya nini? Hakwenda kulala. Aliacha mbio aliyoijua, akahamia mbio ndefu kama mtu anayeanza shule upya. Tokyo, mwaka 2021, walimwondoa katika mchujo wa mita 5,000 kwa kukanyaga mstari wa ndani. Siku chache baadaye alikuwa wa tano duniani katika mita 10,000. Septemba akashinda fainali ya Diamond League ya mita 5,000 huko Zürich. Tarehe 14 ya mwezi ule ule, Zagreb, alikimbia mita 2,000 kwa 5:21.56 akavunja rekodi ya dunia ya Sonia O'Sullivan iliyokaa tangu 1994. Rekodi hiyo ilivunjwa tena mwaka 2024, na ndivyo rekodi zilivyo. Lakini nionyesheni mtu aliyefukuzwa kwenye mita 800 akafika mpaka rekodi ya dunia ya mbio nyingine ndani ya miaka miwili na nusu. Machi 2023 sheria ikapanuliwa kwa mbio zote za wanawake, na mlango ule mpya nao ukafungwa.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuandika haya yote.

Katika kundi letu kuna msichana wa miaka 16. Simtaji jina, nitamwita mdogo wangu. Mama yake anauza ndagala sokoni. Ana mabega mapana, sauti nzito, na anawashinda wavulana wengi kwenye mita 800. Wavulana wakishindwa hawapendi. Wakaanza kumwita "Francine". Wanaita, wanacheka. Hawakumaanisha bingwa. Walimaanisha: weye si msichana. Jina la mtu mkubwa kuliko wote katika riadha ya nchi hii likageuzwa tusi. Mdogo wangu akakosa Jumamosi mbili mfululizo.

Jumamosi ya tatu nilileta katoni yetu yenye vipimo vitatu. Nikasema, leo hatukimbii, leo tunapanga orodha mpaka iishe. Mmoja akasimama: "Francine asiingie. Eko na nguvu ya mwanaume, ni wizi." Nikamuuliza, aliiba nini? Alikunywa dawa? Hapana. Alidanganya? Hapana. Mwili alijiumba? Hapana. Alipokatazwa mita 800, aliikimbia kwa ujanja? Hapana, aliiacha. Kijana akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini na wale wanaokimbia naye, haki yao?" Hilo ni swali la kweli. Wataalamu wanabishana juu yake mpaka mahakamani, na mimi sina cheo cha kulimaliza chini ya mwembe. Nilimwambia tu hivi: unaweza kuuliza swali hilo bila kumcheka mtu. Ukiuliza huku unacheka, hutafuti haki, unatafuta mtu wa kumshusha.

Tukapiga kura. Francine na Vénuste walitofautiana kura moja, Vénuste akashinda. Mimi nilishindwa kwenye orodha niliyoilea mwenyewe.

Mdogo wangu alikuwa amerudi siku hiyo, amekaa nyuma. Nikamuuliza alimpigia nani. "Vénuste," akasema. Nilishangaa. "Yaya, ule ana dhahabu, Francine ana fedha. Hesabu ni hesabu. Musimupe Francine kura ya huruma, hajawaomba." Watu wakacheka, safari hii pamoja naye. Halafu akaenda kufunga kamba za viatu vyake, ambavyo kimoja ni saizi 38 na kingine ni 39.

Nilisema nitafika kwa wakwetu. Popole Misenga na Yolande Mabika, wazaliwa wa Kongo, walicheza judo Rio 2016 katika timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi, watu kumi. Popole alishinda pambano lake la kwanza. Mwaka 2024 huko Paris, Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kameruni, alipata shaba ya ndondi, medali ya kwanza kabisa ya timu hiyo. Kwa hiyo mlango upo, ni mwembamba lakini upo. Mtoto akiniuliza, "Nitakimbilia bendera gani?" sasa nina la kumjibu.

Kwa ninyi wa mashirika: mkija, mnatuuliza tulikimbia nini. Ni sawa, ripoti zinahitaji hayo. Lakini tuulizeni pia tunakimbia kwa muda gani. Saa moja ya kupimia mbio na jozi chache za viatu vya saizi moja kila jozi zingefanya kazi kubwa kwetu.

Na ninyi wa kambini, orodha yangu mmeiona. Pangeni yenu, mtuletee. Andikeni vipimo kwanza, majina baadaye. Na kama kwenye kundi lenu kuna msichana anayewashinda wavulana, mwiteni kwa jina alilopewa na mama yake.