Namba Inasema Wapi, Haisemi Kwa Nini

Injini ikianza kumisi, hata mtu asiyejua magari hutambua. Umesimama kwenye taa za barabarani, mguu uko kwenye breki, na gari linatetemeka kama mgonjwa wa homa. Usukani unacheza mikononi, mlio unakatika-katika, na taa ya injini imewaka mbele yako. Ukikanyaga mafuta, mtikisiko unapungua, nawe unajipa moyo kwamba mambo ni shwari. Ukisimama tena, unarudi.

Gari la usharika wetu limetumika miaka mingi, kwa hiyo nimekaa mara nyingi kwenye benchi la fundi. Naandika juu ya namna fundi mzuri anavyotafuta chanzo cha kumisi, kwa sababu sisi wachungaji, wazee wa kanisa na wazazi tunapewa kazi inayofanana na yake. Tunaletewa mtu anayetetemeka, na tunatakiwa kusema ana nini.

Injini ya silinda nne, gari likiwa limesimama, huzunguka kama mara 700 kwa dakika. Kila silinda huchoma mafuta mara moja katika mizunguko miwili, yaani mara 350 kwa dakika, karibu mara sita kila sekunde. Ili ifanye hivyo inahitaji vitu vitatu kwa wakati wake: mafuta na hewa kwa kipimo, mgandamizo wa kutosha, na cheche ya plugi. Kimoja kikikosekana, silinda hiyo inaruka zamu yake. Zile tatu zinajitahidi kubeba mzigo, na hapo ndipo unaposikia mtikisiko.

Tatizo ni kwamba visababishi ni vingi na mtikisiko ni uleule. Huenda plugi imechakaa. Huenda koili inayoipa plugi umeme imekufa, au nozeli imeziba. Huenda mpira wa hewa umepasuka, au vali haifungi vizuri. Fundi asiye na subira husikia mlio na papo hapo hutaja kifaa cha kununua. Unanunua plugi, gari linamisi. Unanunua koili zote nne, gari bado linamisi. Fedha imekwisha, na ugonjwa uko palepale.

Fundi wetu huanza kwa maswali. Linatetemeka likiwa baridi au likishapata moto? Likiwa limesimama, au hata mlimani? Lilianza lini? Baada ya hapo huunganisha mashine ya kupimia. Siku moja mashine ilitoa namba P0303. Namba hiyo ina maana kwamba silinda ya tatu inamisi. Nikamuuliza kama sasa tununue koili ya silinda ya tatu. Akanijibu kwamba namba inasema wapi, haisemi kwa nini.

Akachomoa koili ya silinda ya tatu akaiweka kwenye ya kwanza, na ya kwanza akaipeleka kwenye ya tatu. Akafuta ile namba, akawasha gari, akasubiri. Namba iliyorudi ilikuwa P0301. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili, kwa hiyo koili ndiyo iliyokuwa mbovu. Hata hapo hakuishia. Alimulika kwenye tundu la plugi ya tatu akakuta oili imejaa. Mpira wa kuzuia oili kule juu ya injini ulikuwa umekauka, oili ikashuka polepole hadi ikaiharibu koili. Tungebadilisha koili peke yake, ile mpya nayo ingelowa na kufa.

Nilikuwa na jambo hilo kichwani Baraza la Wazee lilipokutana kuzungumzia mwalimu wetu wa kwaya. Naeleza habari hii kwa ruhusa yake, na mambo machache nimeyabadilisha ili kumsitiri. Kwa miezi kadhaa alikuwa amekuwa mkali kwa waimbaji. Jumapili alichelewa, na mara tatu alitoka nje kabla ya Meza ya Bwana. Katika kikao mmoja alisema anakunywa. Mwingine alisema lazima kuna mwanamke. Wa tatu alisema amepata kiburi. Pendekezo likatolewa kwamba avuliwe uongozi wa kwaya na azuiwe kushiriki Chakula cha Bwana mpaka atakapotubu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza atubu nini.

Nikiwa mwenyekiti niliomba uamuzi usubiri wiki mbili, na wazee wawili, mama mmoja na baba mmoja, waende kwake. Niliwaomba wasiende na shtaka, ila na maswali. Kabla ya kufika nyumbani kwake walizungumza na waimbaji, wakasikia jambo ambalo kikao hakikuwa nalo: siku za mazoezi mwalimu yuko sawa. Anafundisha, anatania, anabaki hadi mwisho. Anabadilika Jumapili tu, hasa ibada inapotulia kabla ya ungamo.

Mpira wa hewa ukipasuka, gari husumbua zaidi likiwa limesimama, kwa kuwa wakati huo injini inavuta hewa kidogo na ile inayoingia kwa wizi inakuwa sehemu kubwa. Ukiongeza mwendo huisikii sana. Binadamu naye ana mambo yanayofunikwa na shughuli, na kimya kikija yanamtikisa.

Mwalimu alipoulizwa kwa upole, alisema. Mtoto wake aliugua, naye alikopa kwa waimbaji watano wa kwaya yake, kila mmoja bila mwenzake kujua. Hakuweza kulipa, na mke wake hakuambiwa. Kila Jumapili alisimama mbele ya watu anaowadai uimbaji, nao wanamdai fedha. Aliposikia wito wa kwenda mezani, alikumbuka mafundisho ya Bwana katika Injili ya Mathayo, kwamba mwenye neno na ndugu yake aiache sadaka madhabahuni akapatane naye kwanza. Miguu yake ikamtoa nje.

Sisemi kwamba hakuwa na kosa. Alificha deni, alimficha mkewe, na ukali wake uliwaumiza vijana. Koili mbovu ni mbovu. Lakini lile kosa alilopangiwa na kikao hakuwa nalo, na adhabu iliyopendekezwa ingemfukuza mbali zaidi na meza aliyokuwa akiililia. Aliungama kwa mkewe, kisha kwa wale watano, tukiwa pamoja nao. Wakapanga namna ya kulipa kidogo kidogo. Mmoja hakuridhika akaihama kwaya, na jambo hilo bado linatuuma. Deni halijaisha. Ila mwalimu anakuja mezani.

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, kuhani Eli alimwona Hana midomo ikicheza bila sauti, akaamua kwamba amelewa. Dalili aliiona vizuri, maana midomo ilicheza kweli. Alichokosa ni kuuliza. Hana alipomweleza uchungu wa roho yake, Eli alibadilika akambariki aende kwa amani. Nampenda Eli kwa hilo la mwisho. Alikubali kwamba alichokiona hakikuwa yote.

Sisi Walutheri tumefundishwa Amri ya Nane tangu kipaimara. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther haishii kutukataza kumsingizia jirani. Anatutaka pia tumtetee, tumseme vema, na tuyapokee mambo yake kwa maana iliyo njema. Wengi huona huo ni upole wa kupita kiasi, kana kwamba kanisa lifumbe macho. Mimi naona ni agizo la kuchunguza. Huwezi kumtetea mtu usiyejua kinachomsumbua, na huwezi kumponya.

Mungu peke yake ndiye anayeuona moyo bila kuuliza. Sisi tumepewa masikio na miguu. Kwa hiyo wazee wenzangu, katika kikao kijacho jina la mtu litakapotajwa, na kabla ya mkono wa kwanza kuinuliwa kupiga kura, ulizeni ni nani amekwenda kwake. Kama hakuna aliyekwenda, ahirisheni ajenda hiyo na mtume watu wawili wanaojua kusikiliza.