Ngomeni: Mtambo wa mafuta uliorusha roketi

Ukitoka Malindi kwa matatu za kuelekea Garsen, utavuka daraja la Mto Sabaki, ambao maji yake mekundu huitia bahari rangi ya udongo, kisha utaipita Mambrui na kushuka Gongoni. Kutoka hapo njia ya Ngomeni hupita kwenye mabwawa ya chumvi. Jua ni kali na kivuli ni cha kutafuta, kwa hivyo, msomaji, beba maji. Ukifika ufuoni, tazama baharini: majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu yao katika Ghuba ya Ungwana, mfano wa meza zilizosahauliwa baada ya karamu.

Mgeni hudhani ni visima vya mafuta, wala hajakosea sana. Moja, Santa Rita, lilikuwa mtambo wa kuchimbia mafuta wa kampuni ya ENI ya Italia. Kufikia 1964 lilikuwa limekwisha kuvutwa hadi huku, kwa kazi nyingine kabisa. Profesa Luigi Broglio alitafuta mahali karibu na Ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupaa, penye bahari tupu upande wa mashariki. Jukwaa la pili, San Marco, ndilo lililorushia satelaiti tisa kati ya 1967 na 1988. Mashuhuri zaidi ni Uhuru, ya Wamarekani, iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya Jamhuri, ikaenda kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota.

Sasa fikiria kidogo. Jukwaa la baharini halina kisima cha maji wala shamba. Maji ya kunywa, dizeli, unga, kamba, hata msumari, vyote hupelekwa kwa chombo. Mtambo wa mafuta hudai zaidi: mabomba ya chuma, saruji, matope maalumu ya kuchimbia, na helikopta ya kubadilisha wafanyakazi. Hapo ndipo riziki ya mtu asiyejua habari za miamba ilipo: nahodha, mpishi, fundi wa kuchomelea vyuma, dereva wa lori, mama wa sokoni. Malindi si mgeni wa biashara hiyo. Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwaka 1498 alipata chakula na rubani wa kumfikisha India. Na Waitalia waliofuata mradi wa roketi walivutia wenzao, hoteli zikajengwa, hata leo muuza vinyago wa Malindi atakuamkia kwa Kiitaliano kabla hujafungua kinywa.

Mafuta yenyewe yalitafutwa baadaye. Mwaka 2012 kampuni ya Apache ya Marekani ilichimba kisima cha Mbawa katika bahari kuu na kukuta gesi, lakini si ya kutosha biashara. Mwishoni mwa 2021 ENI, wale wale wa Santa Rita, walianza kuchimba kisima cha Mlima. Nacho hakikufaa kitu. Meli za kuchimbia kwenye kina kama hicho huelea, hazisimami kwa miguu, na vyombo vinavyozihudumia hutaka bandari yenye maji marefu na maghala makubwa. Bandari hiyo ni Kilindini, Mombasa. Ngomeni haimo.

Viongozi wetu hupenda kuzungumzia mgawo. Sheria ya Petroli ya 2019 huzipa kaunti asilimia 20 ya sehemu ya serikali, na jamii ya mahali asilimia 5. Ni vizuri, ila mgawo huja mafuta yakishauzwa. Kazi ya kuhudumia meli huanza siku ya kwanza, na kisima kikavu nacho humlipa nahodha na mpishi. Kijana wa Kilifi mwenye cheti cha ubaharia au cha kuchomelea vyuma angekula hata pale ambapo ENI walitoka mikono mitupu.

Wavuvi wa Ngomeni hawangoji. Ghuba hii ina kamba wanono, na ukiwahi mashua zikirudi utanunua kwa bei ambayo mjini huioni. Agiza mapema pikipiki ya kukurudisha Gongoni, maana jioni usafiri ni haba.