Mji Mmoja, Mito Miwili

Tulipokutana kupanga ziara yetu ya siku saba nchini Ujerumani, hatukubishana juu ya fedha, bali juu ya miguu ya mzee wetu. Vijana miongoni mwetu walitaka tulale kila usiku katika mji mwingine, tukiufuata mto Rhine. Mzee, ambaye ndiye aliyetufundisha sarufi sote, alisikiliza, kisha akasema kwa upole: "Nendeni, wanangu. Mtanisimulia."

Tulinyamaza kwa haya. Tukaifungua ramani upya, tukauchagua mji mmoja wa kulala: Koblenz, ambapo mto Mosel huingia katika Rhine. Jina lenyewe latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kutiririka pamoja. Kutoka hapo reli hufuata mabonde yote mawili. Siku moja tutakwenda Cochem, penye mashamba ya mizabibu. Siku nyingine tutautazama mwamba wa Loreley, uliosimama mita 132 juu ya Rhine. Na kila jioni tutarudi pale pale. Hata ngome ya Ehrenbreitstein, iliyo kilimani ng'ambo ya mto, hufikiwa kwa gari la kuning'inia juu ya waya, lililoanza kazi mwaka 2010.

Atakayechoka atapumzika ukingoni, mito ikikutana mbele yake. Lakini hataachwa nyumbani. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Nasi twaongeza ya kwamba msafara mwema huupima mwendo wake kwa aliye nyuma.