Lugha ya Karata

Kila mchezo una lugha yake, na asiyeijua lugha hiyo hufungwa kabla hajapewa karata ya kwanza. Katika bonde la Kilombero chuo cha lugha ya karata kilikuwa kivukoni. Kabla ya daraja kuzinduliwa mwaka 2018, msafiri atokaye Ifakara kwenda Lupiro au Mahenge alingoja pantoni, na masika mto ulipofura alingoja sana. Watu walitandika mkeka kivulini, karata zikachangwa. Hapo ndipo mjomba wangu, mchuuzi wa mpunga, aliponifundisha wahedi wasitini.

Mgeni mkekani huchanganywa kwanza na majina. Aina za karata ni nne: shupaza, kopa, uru na pau. Ile ya moja huitwa ree. Mfalme ni mzungu wa nne, ghulamu ni mzungu wa tatu, na bibi ni mzungu wa pili. Ndugu msomaji, utauliza: bibi anawekwaje chini ya ghulamu? Jibu limo katika hesabu. Ree ina alama 11, saba ina 10, mfalme 4, ghulamu 3, bibi 2. Jumla ya kila aina ni 30, na aina zote nne ni 120. Nusu yake ni 60. Kwa hiyo mwenye kufikisha 61 ameshinda. Wahedi wasitini ni Kiarabu cha sitini na moja. Jina la mchezo ndiyo sheria yake.

Majina ya zile aina nne, hata hivyo, si ya Kiarabu. Ni ya Wareno: espadas, copas, ouros, paus. Karata nayo ni cartas, na turufu ni trunfo. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, wakanyang'anywa mwaka 1698. Ngome iliwatoka, maneno yakabaki, yakatembea mdomo kwa mdomo mpaka ukingoni mwa mto wetu. Huko kwao Ureno bado wanacheza bisca, na hesabu yake ni hii hii ya 11, 10, 4, 3 na 2.

Yako pia maneno ya vitendo. Kuchanga ni kuzichanganya karata, kukata ni kuzigawanya mafungu mawili ili mgawaji asifanye hila, na kula ni kuchukua karata zilizotupwa. Turufu ni aina iliyopewa enzi kwa mchezo ule: karata yake ndogo kabisa hula hata ree ya aina nyingine. Ndiyo maana mtu akiwa na hoja isiyopingika husemwa ana turufu, na kijana anayeanza maisha huambiwa achange karata zake vizuri.

Mjomba alikuwa na amri moja: pesa haikai mkekani. Aliyefungwa aliinuka akampisha mwingine, na hiyo ndiyo ilikuwa hasara yake yote.

Siku hizi neno mkeka limehama. Kwa vijana, mkeka ni orodha ya mechi walizobeti kwa simu, na timu moja ikiwaangusha, mkeka umechanika. Msimu mmoja baada ya mavuno mpwa wangu alinijia ameinamisha kichwa. "Shikamoo mjomba. Mkeka umechanika." Magunia mawili ya mpunga, jasho la masika nzima, yalikuwa yamekwenda. Nikamwuliza ni nani aliyemfunga. Akafikiri, akasema, "Hata simjui, mjomba."

Jibu hilo limekaa moyoni mwangu. Michezo ya kubahatisha ina sheria yake tangu mwaka 2003, na mtu mzima ana hiari na mali yake. Lakini kwenye wahedi wasitini alama zote 120 ziko mbele ya macho, na anayekufunga umeketi naye goti kwa goti. Kesho atakusaidia kupakia magunia. Hata katika poka, ambako mtu hupandisha dau akiwa na karata mbovu, walau unamwona usoni. Basi, msomaji, ukialikwa kwenye mchezo wowote, jifunze kwanza maneno yake. Kisha uliza mawili: hesabu inaishia ngapi, na kinachopotea kinakwenda kwa nani.