Mpango Wangu wa Uzamili na Maswali ya Mama

Mimi ni mtoto wa kwanza katika familia ya watoto wanne. Nilizaliwa na kukulia Kamembe, wilayani Rusizi, mahali ambapo wazee bado wanapaita Cyangugu. Mwaka huu ninamaliza shahada ya kwanza ya ualimu wa hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka tuandike insha kuhusu jambo tunalolipanga sasa, si jambo lililokwisha kutendeka. Mimi ninapanga kusoma shahada ya uzamili katika hisabati. Nitaueleza mpango huo kwa kufuata maswali ya mama yangu, kwa sababu maswali yake ndiyo yaliyoupa umbo.

Mama anauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Ananunua alfajiri wavuvi wanaporudi, na wateja wake wengi ni akina mama wanaovuka mpaka kutoka Bukavu. Kwa hiyo anapokea pesa za aina tatu: faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola za Marekani. Hakumaliza shule ya msingi, lakini anajua kwamba ukibadilisha faranga za Rwanda upate dola, dola upate faranga za Kongo, kisha za Kongo zirudi kuwa za Rwanda, unaweza kubaki na pesa nyingi kuliko ulizoanza nazo, au chache zaidi. Chuoni nilijifunza kuliandika jambo hilo. Unazidisha viwango vile vitatu vya kubadilishia. Jibu likiwa 1, hukupata wala hukupoteza. Likizidi 1, umepata faida. Likipungua, aliyepata ni mbadilishaji.

Sarafu zikiwa 20 badala ya 3, njia za kuzunguka huwa nyingi mno, huwezi kuzijaribu moja moja. Hapo hutumiwa logarithimu, ambayo hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na swali la pesa linafanana na swali la kutafuta njia kwenye ramani. Jambo hilo lilinishangaza sana. Tangu siku hiyo niliona kwamba hesabu za mama sokoni na hisabati ya chuoni ni njia moja, ila moja imekwenda mbali zaidi. Nami nikataka kuifuata.

Likizo iliyopita nilimweleza mama.

"Mama, nikimaliza chuo nataka kuendelea kusoma."

"Kusoma nini tena, binti yangu?"

"Hisabati."

"Si ndiyo unayoimaliza?"

"Hisabati haiishi, mama."

"Kama haiishi, utalipwa lini?"

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Baba hayupo tena. Wadogo zangu wawili wako sekondari na wa mwisho yuko shule ya msingi. Ada yote inatoka kwenye beseni la sambaza. Siku zilizofuata aliniuliza maswali mengine mawili: nitajifunza nini nisichokijua, na wakinikataa nitafanya nini. Swali la malipo nitalijibu mwisho, kwa sababu haliwezi kujibiwa kabla ya hayo mengine.

Nitajifunza nini nisichokijua? Mtu anayesema tu "nataka kusoma hisabati" hajasema kitu bado. Hisabati ni pana. Wako wanaosoma aljebra, wako wanaosoma takwimu, na wako wanaotumia hisabati kueleza magonjwa, benki au hali ya hewa. Mimi nilianza kwa kutafuta swali, halafu ndipo nikatafuta chuo. Swali langu liko mbele ya nyumba yetu. Ni ziwa.

Ziwa Kivu lina kina cha meta zaidi ya 480. Katika maji yake ya chini mmeyeyuka gesi nyingi: takriban kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni na takriban 60 za methani. Mwaka 1986 Ziwa Nyos huko Kamerun, ambalo ni dogo sana kuliko letu, lilitoa gesi ya kaboni ghafla usiku, na watu zaidi ya 1,700 walikufa. Kwetu gesi imetulia chini, na sababu yake inapendeza kuifikiria. Kwa kawaida maji ya moto hupanda juu na ya baridi hushuka. Lakini katika Kivu maji ya chini kabisa ni ya joto kuliko yaliyo juu yake, na bado hayapandi, kwa kuwa yamebeba chumvi na gesi ya kaboni zinazoyafanya kuwa mazito. Joto linayasukuma juu, uzito unayavuta chini, na uzito ndio unaoshinda.

Tangu mwaka 2016 kituo cha KivuWatt huko Karongi kinatoa methani ziwani na kuzalisha umeme wa megawati 26 hivi. Maji yakishatolewa gesi hurudishwa ziwani. Swali ni kina gani yarudishwe ili zile tabaka zisivurugike, na zitabaki zimetulia kwa miaka mingapi. Hakuna anayeweza kujaribu ziwa zima aone litafanya nini. Inabidi kuandika milinganyo inayoeleza jinsi joto, chumvi na gesi vinavyosafiri kutoka tabaka moja hadi jingine, kisha kompyuta ikokotoe hatua kwa hatua. Kazi hiyo inafanywa na wataalamu wa nchi mbalimbali. Mimi nataka niielewe kiasi cha kuweza kuisoma, kuikagua, na siku moja kuongeza jambo langu.

Nilipomwambia mama hayo, alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo ni swali la kweli. Sisi tunakaa hapa."

Kutokana na swali hilo niliandika orodha ya vitu ninavyovihitaji. Shahada ya ualimu hugawa muda kati ya somo lenyewe na namna ya kulifundisha. Ninaweza kusimama mbele ya wanafunzi 50 na kueleza kipeo cha pili bila hofu, na uwezo huo ni mali. Lakini kwa uzamili ninahitaji mambo manne zaidi. La kwanza ni uthibitisho, yaani kuonyesha kwa nini jambo ni kweli daima, si kupata jibu tu. La pili ni aljebra ya matriki, kwa sababu ziwa likigawanywa katika tabaka 500, unapata milinganyo 500 ya kutatuliwa pamoja. La tatu ni ile milinganyo ya mabadiliko, ambayo tuliigusa tu mwaka wa tatu. La nne ni kuandika programu za kompyuta.

Sasa vyuo. Kigali kuna tawi la AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati. Taasisi hiyo ilianza Afrika Kusini mwaka 2003 na tawi la Rwanda lilifunguliwa mwaka 2016. Wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika na huishi pamoja. Walimu huja kutoka sehemu mbalimbali za dunia, kila mmoja hufundisha wiki chache, na mwishoni mwanafunzi huandika utafiti mfupi. Masomo hulipiwa na wafadhili. Ndiyo chaguo langu la kwanza, na kutoka Kamembe ni safari ya basi moja, kupitia msitu wa Nyungwe na Huye.

Chaguo la pili ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha uzamili wa kuunda mifano ya hisabati. Masomo ni ya Kiingereza, lakini nje ya darasa ni Kiswahili, na Kiswahili ninakipenda. Hapo ugumu ni fedha, kwa sababu lazima nitafute mfadhili mwenyewe. La tatu liko mbali: kituo cha ICTP, mjini Trieste, Italia. Kilianzishwa mwaka 1964 na mwanafizikia wa Pakistan, Abdus Salam, ili watu wa nchi zinazoendelea wapate mahali pa kufanyia sayansi ya juu. Kina diploma ya mwaka mmoja baada ya shahada ya kwanza, na hisabati ni mojawapo ya masomo yake.

Katika kusoma habari za vyuo hivyo nilikutana na jina la Profesa Verdiana Masanja. Ni Mtanzania, na ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu katika hisabati. Aliipata Berlin, na uwanja wake ni mwendo wa vimiminika, ambao ni jirani kabisa na swali langu la ziwa. Amefundisha Dar es Salaam, na pia amefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, kabla hakijaunganishwa na vyuo vingine mwaka 2013 na kuwa chuo ninachosoma mimi. Sijawahi kukutana naye. Lakini ndugu zangu waliposema hisabati ya juu ni ya wanaume, nilitaja jina lake na mazungumzo yakaisha.

Swali la wakinikataa lina jibu fupi. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, basi kukataliwa kunawezekana. Nitaomba mahali kote patatu kwa mwaka mmoja. Wakinikataa wote, nitaomba tena mwaka wa pili, kwa barua bora. Wakikataa mara ya pili, nitaendelea kufundisha na nitatafuta uzamili Kigali ambao unaweza kusomwa pamoja na kazi. Mama alipenda jibu hilo kuliko yote. Alisema, "Mwenye kuuza samaki anajua kuna siku wavuvi wanarudi mikono mitupu. Hatupi beseni."

Sasa swali la kwanza: nitalipwa lini? Mfadhili humlipia mwanafunzi chumba, chakula na masomo. Halipi ada ya wadogo zake. Nikienda moja kwa moja baada ya chuo, mama atabaki na ada mbili za sekondari kwa mwaka mwingine mzima, bila msaada wangu. Nikienda kufundisha na kubaki huko, nyumba itapumua, lakini swali langu litazimika polepole. Nimeona watu wa hapa kwetu walioanza kazi wakisema "mwaka mmoja tu," na sasa ni mwaka wa nane. Siwalaumu. Mshahara hata ukiwa mdogo huzoeleka upesi.

Tuliketi na mama tukapiga hesabu kwenye daftari lake la madeni. Nimeahidiwa nafasi katika shule moja ya sekondari upande wa Bugarama, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Nitafundisha mwaka mmoja wa shule, mihula mitatu. Nusu ya mshahara itakwenda nyumbani, robo nitaitumia kuishi, na robo itakuwa akiba. Mwisho wa mwaka huo mdogo wangu anayenifuata atakuwa amemaliza sekondari. Itabaki ada moja tu, na akiba yangu inatosha kuilipa kwa mihula mitatu ijayo. Kwa maana hiyo, mwaka ambao mimi sipo ndio mwaka ambao nyumba ina mzigo mwepesi zaidi. Hatukuona njia nyingine ambayo hesabu yake inakaa sawa.

Jioni za mwaka huo nimezigawa tayari. Muhula wa kwanza ni wa uthibitisho, wa pili ni wa matriki na milinganyo, wa tatu ni wa kompyuta, kwa kutumia Python, kwenye kompyuta kuukuu ambayo binamu yangu amekubali kuniuzia kwa mafungu. Kila Jumapili nitatatua maswali matano bila kutazama majibu. Nimewaomba walimu wawili wanaonifahamu waniandikie barua, na nimewaomba mapema kabla sijaondoka chuoni, wakiwa bado wanaikumbuka sura yangu.

Barua yangu ya maombi itakuwa ya Kiingereza, lakini niliiandika kwanza kwa Kiswahili. Nilitaka kujua kama ninaweza kueleza swali la ziwa kwa lugha ambayo mama anauzia samaki. Nilimsomea. Alinisimamisha mahali pawili ambapo hakuelewa, nami nilipotazama vizuri niliona kwamba ni mahali pale pale ambapo mimi pia nilikuwa nimejificha nyuma ya maneno makubwa. Niliyaondoa.

Kwa wenzangu wanaofikiria uzamili, wa hisabati au wa somo lingine, ninasema hivi: wakati wa kupanga, wakae na watu watakaobeba mzigo wakiwa hawapo, na wawaruhusu kuuliza. Mpango usiohesabu nyumbani ni nusu ya mpango.

Mama amekata ule ukurasa kwenye daftari la madeni na kuubandika ukutani, karibu na mzani wake. Juu yake ameandika jina langu na mwaka ambao lazima niwe nimeondoka Bugarama. Wadeni wake wengine hawajapewa heshima hiyo.